Majivu Chini ya Gari

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Magoma, na kitu alichokipenda kuliko vyote duniani, nikiwemo mimi, kilikuwa gari lisilo na klachi. Lilikuwa la meneja Mzungu aliyeondoka mashamba yalipotaifishwa. Aliliacha limekufa ndani ya banda la matrekta, likakaa humo likitagiwa mayai na kuku, mpaka mume wangu alipoliomba, akaruhusiwa, akalikokota hadi nyumbani kwetu Manundu, mjini Korogwe. Majirani walikuja kulicheka. Walizoea Landrover na malori, magari ya kukanyaga klachi na kupigana na gia. Hili lilikuwa na kijiti kimoja tu. Ukikisogeza, linakwenda lenyewe. Wakaliita gari la mvivu. Mimi nami nililisema sana, maana lilikula Jumamosi zake zote, na sabuni ya mche niliyoipangia foleni duka la ushirika iliishia kwenye viganja vyake.

Hata hivyo alilifufua. Siku lilipotoka uani na kuzunguka mtaa, wale wale waliocheka walilikimbilia kwa nyuma wakipiga vigelegele, na mimi nilikaa mbele nimejifunga kitenge kipya kana kwamba sijawahi kulisema hata siku moja.

Ugonjwa mmoja ulimshinda kuumaliza. Giaboksi la gari la namna ile, alinieleza, huchemka sana, kwa hiyo mafuta yake hupitishwa kwenye vibomba viwili vyembamba vya chuma hadi kwenye rejeta huko mbele, yakapoe, kisha yarudi. Mafuta yenyewe ni mekundu, si meusi kama ya injini. Kibomba kimoja kilikuwa kimesuguana na chesisi miaka mingi mpaka kikatoboka, na kila tulipolala, asubuhi tulikuta chini pana doa jekundu kama pamechinjwa kuku. Kukichoma kile kibomba ilihitajika gesi ya kuchomelea, na karakana ya shamba ilikuwa na mitungi mitupu miezi kadhaa. Miaka ile kila kitu kilikuwa "hakuna". Hata mafuta yale mekundu alikuwa amebakiwa na kopo moja tu, na alilificha chini ya kitanda chetu kama mtu anayeficha dhahabu.

Ijumaa moja tukapata habari kwamba mama mkubwa wangu, dada yake mama, yuko hoi wodini hapo hapo Korogwe. Nilikwenda kumwona jioni ile ile. Alikuwa amekwisha, amebaki macho. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, niitie mdogo wangu. Nataka tuombane radhi kabla sijaondoka."

Hapo lazima niseme kilichokuwa kati yao. Walizaliwa wawili tu, wakaolewa jirani, wakalima mashamba yaliyopakana kule Kang'ata, Handeni. Ilipokuja amri ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa, mama mkubwa alihama mapema, tena kwa hiari, akisema huko kutakuwa na shule na zahanati na bomba la maji. Mama alikataa. Makaburi ya wazazi wao yalikuwa nyuma ya nyumba, na kwake kuhama kulikuwa kuwaacha wazazi peke yao. Siku dada yake anafunga mizigo, mama alisimama mlangoni akamwambia mbele za watu, "Umewauza wazazi kwa bomba la maji. Mimi na wewe tuonane ahera." Baadaye mama naye alihamishwa, kwa lori, na bomba lenyewe halijatoa maji mpaka leo. Walijikuta wako kijiji kimoja, hapo hapo Kang'ata, nyumba zikitazamana, na hawakusemeshana. Mama mkubwa alipozidiwa wanawe wakamleta Korogwe, mama alikuwa ndani amejifungia, hakutoka kumuaga.

Kwa hiyo nilijua vizuri nilichokuwa nimetumwa. Kwetu sisi mtu akifa na donge lako moyoni, hilo donge unalibeba wewe uliyebaki. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, nikamwambia mume wangu kwamba mama lazima aletwe, na aletwe haraka. Basi la Handeni lilikuwa bovu wiki hiyo. Akanitazama, akalitazama gari lake, akasema, "Nitaliziba."

Kesho yake, Jumamosi, aliliziba. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu. Aliingia chini ya gari kwa mgongo juu ya gunia, akakata sehemu iliyotoboka kwa msumeno wa chuma, akazipiga msasa ncha mbili zilizobaki. Kisha akachukua kipande cha mpira mnene wa kupitishia dizeli, alichokitoa kwenye trekta lililokufa, akakichovya kwenye maji ya moto kilainike, akakivalisha huku na huku. Klipu hakuwa nazo. Alifunga waya kila upande, akausokota kwa koleo mpaka ukauma, halafu juu yake akazungushia katani, ili mpira usisuguane tena na chesisi. Nani asiyefunga kitu kwa katani Korogwe? Sisi tulifunga milango kwa katani, ng'ombe kwa katani, na viatu pia. Akamimina nusu ya lile kopo kwenye giaboksi, akawasha gari, akaliacha lingurume huku nimeshika gazeti chini ya ule mpira kwa mkono wangu mwenyewe. Gazeti lilibaki kavu. Akatabasamu na meno yote, uso mweusi kwa grisi. Nikamwambia leo umenishinda, na nilimaanisha.

"Usinisifu bado," alisema. "Likipoa usiku kucha, nitatazama chini asubuhi. Pakiwa pakavu, limekubali."

Tuliondoka mchana ule ule, tukafika Kang'ata kabla ya magharibi, gari likiwa moto na sisi wekundu kwa vumbi. Baba yake mume wangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge, kwa hiyo yeye ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za mababu. Kijiji chote kilimpokea kwa matusi. Wazee walimwambia ameleta jeneza lenye magurudumu. Naye akawajibu kwamba amekuja kuchukua vipimo vyao. Walicheka mpaka wakakohoa. Lakini kwa mama yangu mdomo wake ulifungwa. Mkwe ni mkwe. Alimwamkia shikamoo kutoka mbali, ameinama, macho kwenye vidole vya miguu, na mama akaitikia marahaba akiwa nyuma ya mlango. Hawakula pamoja, hawakupeana kitu mkononi, na neno la mmoja halikumfikia mwenzake bila kupita kwangu. "Mwambie mumeo maji ya kuoga tayari." "Mwambie mama nashukuru." Wote wananisikia, wote wanasikiana, na mimi katikati nikirudia kama kasuku. Nilichoka nao tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Nilipompa mama salamu ya dada yake alikaa chini kwenye mchanga. Hakulia. Aliuliza tu, "Amesema yeye mwenyewe? Amesema radhi?" Nikamwambia amesema yeye mwenyewe. Akainuka, akaanza kukunja nguo.

Tulipaswa kuondoka asubuhi na kuwahi, maana kesho yake ilikuwa Jumapili, na siku zile Jumapili ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi lilikuwa haliruhusiwi barabarani, kwa ajili ya kubana mafuta. Nilidamka nikaenda kisimani kuteka maji ya njiani. Niliporudi nilikuta ua umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, na chini ya gari pamemwagwa majivu. Sikushangaa. Mama alikuwa na kawaida ya kumwaga majivu kuwafukuza siafu. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya gari, mswaki wa mti mdomoni, anatazama chini.

"Pakavu?" nikamuuliza.

"Pakavu," akasema, akatema mate mbali.

Mama aliingia kiti cha nyuma, kanga mbili kichwani, uso dirishani. Mume wangu kabla ya kuketi alinyoosha mkono, akakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama juu, darini, ili macho yake yasikutane na ya mkwewe. Safari nzima hakuona kilichokuwa nyuma yetu. Kama tulikuwa tunaacha mstari mwekundu barabarani tangu Kang'ata, basi waliouona ni mbuzi.

Handeni mjini tulisimama. Alishuka, akazunguka mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, akabaki hivyo. Sikuelewa anangoja nini. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Muulize mumeo, kama gari linachoka, tupumzike kidogo? Au kuna la kungoja?" Hiyo ndiyo kauli yake, naikumbuka neno kwa neno, ilikuwa kauli ya upole. Lakini mimi nilikuwa nawaza saa nane, nawaza macho ya mama mkubwa, na subira sikuzaliwa nayo. Nikatoa kichwa dirishani nikasema, "Mama anasema twende!" Aliondoa kiganja pale pale kama kimeungua, akarudi akaendesha.

Tulikuwa tumeshavuka nusu ya njia ya Korogwe, kwenye kilima kimoja kidogo ambacho hata baiskeli inakipanda, injini iliponguruma kwa nguvu na gari lisiende. Akasogeza kijiti mbele, akarudisha, akasogeza. Injini ililia, gari likarudi nyuma polepole kwa uzito wake. Harufu ikaja, ya kitu kilichoungua. Alishuka, akaingia chini chali bila gunia, na shati lake la safari. Alipotoka mikono ilikuwa mikavu, na ukavu ule ndio uliokuwa msiba. Mafuta yote yalikuwa yamekwenda. Aliimimina ile nusu ya kopo iliyobaki, akawasha, likalia tena bila kwenda. Giaboksi lilikuwa limejiunguza lenyewe.

"Waya wangu umelegea," alisema. Hakuniambia mimi. Aliliambia gari.

Tulingoja. Jumapili barabara ile ilikuwa tupu. Kivuli kilipogeuka na sote tukajua saa nane imepita na hakuna gari litakalokuja, mama alishuka, akafunga kanga kiunoni, akaanza kutembea kuelekea Korogwe. Hakumlaumu mtu, hakutukana, hakunipa hata neno la kupeleka. Nikachukua kibuyu cha maji nikamfuata. Mume wangu alifunga milango akafuata naye, lakini mbali, hatua nyingi nyuma yetu, maana mkwe hatembei bega kwa bega na mkwewe. Kila nilipogeuka nilimwona yule pale, peke yake katikati ya vumbi, ameinamisha kichwa. Nilitamani nimpigie kelele aje, na nilitamani nimpige.

Jua lilipozama tulikaribishwa kwa watu kwenye kijiji cha njiani, na asubuhi lori la mahindi lilitupakia. Tulipoingia uwanja wa hospitali tuliwaona wana wa mama mkubwa wamesimama nje, na kabla hawajafungua midomo mama alishajua. Alifariki Jumapili, adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Binti yake mmoja, bila nia mbaya, alisema kwamba marehemu mchana kutwa alikuwa akiuliza kila mlango ulipolia, "Ni yeye?"

Mama aliomba amwoshe dada yake. Niliingia naye kushika maji. Alimwosha taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto aliyelala asimwamshe, na alipofika kwenye sikio aliinama akasema, "Dada, nimekuja. Nisamehe. Na mimi nimekusamehe." Akangoja. Namwona mpaka leo jinsi alivyongoja, mkono na kitambaa vimesimama hewani, kama mtu aliyebisha hodi akasikia nyayo ndani. Kisha akaendelea kuosha. Sijawahi kuona huzuni kama ile, na nimezika wengi.

Gari lilivutwa mpaka Manundu, likawekwa juu ya mawe. Mume wangu hakuligusa tena. Hakulitafutia giaboksi, hakuliuza, na fundi yule ambaye mtaa mzima ulimletea redio na cherehani akaanza kuwajibu watu kwamba mkono wake si wa kuaminika. Kazini alifanya alichoamriwa. Kila tulipokwenda Kang'ata aliinama mbele ya mama chini zaidi kuliko zamani, na mama naye alijificha zaidi nyuma ya mlango, akidhani kijana wa watu anaona haya kwa ajili ya lile gari.

Mwaka uliofuata nilikuwa kwa mama tunapukuchua mahindi, tukawa tunamzungumzia mume wangu. Mama akacheka kidogo, kile kicheko chake cha ndani ya kanga, akasema, "Mumeo hajui kwamba nilimsitiri."

"Ulimsitiri nini?"

"Ile asubuhi. Niliamka nikakuta chini ya gari lake pana dimbwi jekundu, mwanangu, kama damu. Nikasema, hili la mkwe wangu limejichafulia uani kwangu, watani wake wakiamka watamcheka mpaka kiama. Na siku ya kwenda kwa mgonjwa, watu waone damu? Nikafagia, nikamwaga majivu. Mgeni akikojoa kitandani, mwenye nyumba haaniki godoro mbele za watu."

Mahindi yalinidondoka mapajani. Yeye aliona nimeguswa na wema wake, akanipiga begani akasema mkwe mwema husitiriwa. Magari aliyoyajua yeye yalikuwa ya mafuta meusi. Asingeweza kujua kwamba dimbwi lile ndilo lililokuwa neno pekee ambalo gari lilikuwa nalo la kumwambia mwenyewe. Nilitaka kusema. Nilitazama mikono yake ile iliyomwosha dada yake, nikasema, "Ahsante, mama," nikaendelea kupukuchua.

Lakini kwa mume wangu nilisema, usiku huo huo niliporudi, maana nilikuwa nimechoka kumwona akiikimbia mikono yake. Nilidhani nimemletea zawadi. Nilimwambia kwamba hakupaona pakavu, alipaona pamefunikwa, kwamba kosa halikuwa la jicho lake.

Alivitazama viganja vyake. Kisha akasema, "Niliyaona majivu."

"Uliona?"

"Siafu hawakuwepo. Nilijua kuna kitu chini yake. Lakini mkwe akishafunika, wewe unafunua nini? Ningefungua boneti pale uani nipime mafuta, angejua nimeona, angeaibika. Nikasema nitapima njiani. Handeni nikaweka mkono, nikawa nawaza nifungueje huku yeye ameketi ndani." Akakunja viganja. "Ukasema mama anasema twende."

Sikumwambia kile hasa mama alichokuwa amesema Handeni. Nilizima taa, na giza lilinisaidia. Tulikuwa watu watatu ndani ya gari lile, na sote tulikuwa na heshima, wao ya kunyamaza na mimi ya kuwasemea, na mzee mmoja alikuwa wodini akihesabu milango. Nimewahi kusikia watu wakisifu adabu za zamani, kwamba zilijenga. Huwa nawaacha waseme.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofikia siku zake tulimleta kwetu Manundu, na safari hii aliletwa na basi, na akawahi kuagana na kila mtu. Aliomba radhi kwa wanawe wote, kwa majirani, hata kwa mwanamke aliyemuuzia maziwa. Mwisho akaniita karibu. "Mumeo yuko wapi?"

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba, amejiegemeza ukutani, kwa sababu mkwe haingii alipolala mkwewe. Kati yao palikuwa na pazia.

"Mwambie kama niliwahi kumkosea, bila kujua, anisamehe."

Nikatoka hatua mbili. Hakukuwa na haja, alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umelowa. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwambie mama hajanikosea kitu. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Anisamehe yeye."

Nikarudi ndani. Mama alikuwa ananitazama, macho kama ya dada yake.

"Anasema hujamkosea kitu," nilisema.

"Hajasema lingine? Nimesikia kama amesema lingine."

Nilikuwa mdomo wao kwa maisha yao yote, na angalau mara moja nilitaka kufikisha neno kama lilivyotoka. Nikafungua kinywa, kisha badala ya kusema nikaliinua lile pazia, nikalishikilia juu ili waonane. Mama akaivuta kanga usoni haraka, na nje nikasikia nyayo za mume wangu zikirudi nyuma.